Maganda ya Vitunguu na Wimbo Wangu

Jumatatu, 14 Julai
Mwalimu wa kwaya katangaza: Jumapili, Sikukuu ya Mavuno, nitaimba peke yangu! Koo likigoma, ataimba Amon. Amon! Anakohoa kama pikipiki mbovu! Ila koo langu nalo linawasha. Simu imenionyesha dawa: kwasetini, imo tele kwenye maganda ya vitunguu. Inatuliza uvimbe. Panya wa maabara walipata nafuu. Panya hawaimbi, lakini mwanzo ni mwanzo.

Jumatano, 16 Julai
Mama Elieth wa sokoni kanipa gunia zima la maganda. Kaniuliza nafuga nini. Nikapita kwa Alifya, mwenye duka la dawa. Kasema vitunguu nile kwenye mboga, ya panya si ya watu, koo linataka maji na kunyamaza. Wivu wa biashara!

Ijumaa, 18 Julai
Nimechemsha. Supu nyekundu kama chai ya rangi. Nikaimimina kwenye karai ipoe. Hodi! Amon! Siri itavuja! Zamu ya kufua majoho meupe ya kwaya ni yetu, nikayanyakua yote, nikafunika karai. Nilitegemea salamu tu. Mke wangu Consolatha kamkaribisha ugali, kisha kamkamatia kuku. Mgeni hafukuzwi. Kaondoka jua likizama. Majoho yalishazama zamani. Yametoka rangi ya chungwa.

Jumamosi, 19 Julai
Tumefua kwa sabuni ya mche, ndimu na machozi. Rangi haitoki. Consolatha hanisemeshi. Afadhali, napumzisha koo. Nimekunywa supu yote iliyobaki kwenye karai. Ina ladha ya kwaya nzima.

Jumapili, 20 Julai
Mchungaji kafurahi. Rangi ya mavuno hasa! Kauliza nani kaibuni. Nikafungua mdomo, tumbo likajibu kwanza. Mbio chooni! Nikiwa humo nikamsikia Consolatha akijibu kwamba ni Amon, asingekuja kula kuku majoho yangebaki meupe. Vigelegele! Kisha Amon akaimba wimbo wangu. Hakukohoa hata kidogo. Nililia kwelikweli. Nimeufanyia mazoezi tangu Pasaka.

Jumanne, 22 Julai
Mwalimu kanihurumia, kasema Krismasi nitajaribu tena. Kosa nimelijua: maganda yalikuwa machache! Leo magunia mawili. Consolatha yuko shambani. Supu inapoa kwenye karai. Hodi! Amon, kaja kunipa pole! Nifunike na nini? Kuna kitambaa cheupe cha meza ya kanisa, Consolatha kakiacha aje akipige pasi. Basi, hicho hicho. Amon hatakaa, leo hakuna kuku.