Nati Zilizosahauliwa Kwenye Maombi

Jamani, leo nimeaibika, tena nikiwa chali chini ya pikapu, miguu nje, mbele ya kwaya nzima.

Nianze mwanzo. Pikapu ya kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa inagonga kila ikikata kona. Nikabadilisha rotili zote mbili, vile vifundo vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Kazi safi. Mimi ni fundi tangu kwetu Uvira, na sioni haya kusema kwamba kwa usukani, hapa kambini hakuna wa kunifikia. (Niacheni nijisifu sasa, maana huko mbele sitapata nafasi.)

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Bwana mmoja wa Area 47, mtaa wa Lilongwe, mfanyabiashara wa mahindi aliyejifunza Kiswahili kwenye safari za Tunduma, alikuja kujionea. Ana pikapu tatu na zote zinalia mbele. Tulikubaliana apande na sisi hadi Lilongwe. Usukani ukiwa kimya, magari yake yote yanakuja kwangu. Ukilia, anatafuta fundi mwingine.

Nilikuwa nimesharudisha gurudumu la kulia na kushusha jeki, spana iko mkononi, Pasta akafika na kwaya iliyokuwa inakwenda kuimba mtaa wa Kawale, huko huko Lilongwe. Kwetu gari haliondoki bila kuombewa. "Tufunge macho," akasema. Nikaweka spana chini, nikafumba. Pasta aliombea injini, breki, barabara, hata askari wa barabarani. Baada ya amina watu wakapanda nyuma wakiimba. Pasta akashika usukani, na mimi nikakaa kati yake na bwana, kifua mbele.

Kabla ya Lumbadzi tukasikia ka-ka-ka.

"Fundi, ni nini iyo?" Pasta akauliza.

"Rotili mpya, Pasta. Iko inazoea nyumba yake."

Bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kidogo usukani nao ukaanza kutetemeka, na mikono ya Pasta ikatetemeka nao. Nikasema ni barabara. Barabara ilikuwa lami nzuri tu. (Ilibidi niseme kitu.)

Nikaamuru tusimame. Nikajilaza chini ya gari na kuwaambia wote wanyamaze. Pasta akazungusha usukani kushoto, kulia, huku mimi nimegusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini nimeuweka sikioni. Sikusikia kitu. Hapo nikatangaza kutoka huko chini, kwa sauti ya daktari: "Boksi ya usukani imekufa. Rotili zangu hazina kosa." Moyoni nilikuwa naogopa, maana nilimsikia bwana anaanza kumpigia mtu simu.

Ndipo Mama Pasta, aliyekaa na wanakwaya wenzake, akainama kutoka nyuma ya pikapu.

"Fundi, na zile buloni za mguu ya kuume? Ulizikaza nyuma ya amina?"

Nikaitoa bisibisi sikioni.

"Mi nilikuona. Uliziweka na vidole, njo Pasta akasema tufunge macho. Kisha ukapanda."

Pasta akamgeukia mkewe taratibu. "Na we, macho yako ilikuwa wapi?"

"Bantu bote bakifunga macho, Baba, nani atachunga gari ya kanisa?"

Nikanyoosha mkono kwenye gurudumu la kulia, kwenye nati alizoziita buloni. Nati ya kwanza ikazunguka kwa kidole kimoja. Ya pili pia. Kwaya ilicheka hadi gari likayumba, na bwana akakata simu ili acheke vizuri. Nilitamani ardhi inimeze, na tayari nilikuwa nimeilalia.

Nikachukua spana ya ndani ya gari, nikazikaza zote, nimesimama juu yake kwa miguu miwili. Tukaondoka. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: kuanzia pale hadi mjini usukani haukutoa hata mguno. Bwana mwenyewe aliomba kuendesha. Akakata kona, akapita mashimo, akaachia mikono kidogo, gari likaenda limenyooka. Nilijawa na fahari hadi nikasahau vumbi lililojaa mgongoni.

Tulipomfikisha Area 47, akanishika mkono na kunishukuru kwa lugha yake. "Zikomo, fundi. Magari nitaleta yote. Lakini siku hiyo Mama Pasta awepo, na macho wazi."

Basi mnaotaka kucheka, chekeni. Kazi nimepata, ila mkaguzi wangu ni mama wa kwaya.