Mtihani wa Saa Nne Namoto

Jumatatu, 8 Septemba
Darasa la mtandaoni, saa nane mchana. Sikio la kulia kwa mwalimu Isabel aliyeko Pemba yetu ya huku bara, si kile kisiwa, la kushoto kwa wateja wa kanga zangu hapa sokoni. Mungu hakutupa masikio mawili kwa urembo! Mwalimu akaniuliza kama bajeti ya wilaya yaweza kugawanywa. Nikajibu kwa sauti kwamba doti haikatwi, mama, chukua yote au acha. Darasa zima kicheko. Mwanafunzi mwenzangu Belmira wa Diaca alicheka kupita wote. Yule akisoma anasoma tu, hata chai hanywi. Maskini!

Jumanne, 9 Septemba
Mtihani Alhamisi, saa nne asubuhi. Atakayeongoza anapata ukarani wilayani, nafasi moja tu. Naitaka mimi, anaitaka Belmira. Mke wangu Saquina kanisihi siku hiyo nikae nyumbani, mlango nimefunga. Akanikumbusha mshika mawili moja humponyoka. Hiyo ni kwa wazembe! Alhamisi kanga mpya zinafika Namoto, mpakani na Tanzania, kutoka ng'ambo ya mto. Mtihani nitaufanyia hukohuko. Kesho naondoka.

Alhamisi, 11 Septemba
Namoto. Mtandao safi, kanga safi! Saa nne kamili kwenye simu nikaingia darasani. Hakuna mtu. Nikangoja nusu saa huku nakunja kanga. Kimya. Nikamwandikia mwalimu kwamba watu wazima hawaahirishi mtihani bila taarifa. Kisha nikazima simu, nikafunga mizigo kwa raha zangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Balaa! Simu ilinasa mtandao wa Tanzania, saa ikaruka mbele. Saa nne yao ni saa tatu yetu. Wenzangu wanafanya mtihani, mimi nafunga mizigo! Belmira kapata kumi na saba kwa ishirini. Mimi sifuri. Nikasukuma kando sahani ya wali. Saquina akaniongezea samaki.

Jumamosi, 13 Septemba
Alhamdulillahi! Mwalimu Isabel ana huruma. Waliokosa watafanya marudio Jumatatu, saa nne, maswali mapya. Nikipata kumi na nane, ukarani wangu. Saquina kasema safari hii ni nyumbani tu, simu moja, kazi moja. Nimemwelewa kabisa.
Ila nimepiga hesabu. Kama saa ya Tanzania imetangulia, basi kule maswali nayo yanatangulia! Kesho navuka mto. Nitayaona saa nzima kabla ya wengine, nitajibu upesi, na muda utakaobaki nitauza kanga.