Kibao cha Kufagia na Buibui wa Ghorofa ya Pili

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakaazi

Bwana Haug mheshimiwa,

Naanza kwa kukuomba radhi kwa kimya changu. Tangu barua yangu ya mwezi Machi kuhusu baiskeli zinazoegemezwa ukutani sijakuandikia hata mstari mmoja, na huenda ulidhani nimekufa au nimeridhika. Hali si hiyo. Nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ndiyo kiini cha malalamiko haya.

Unaufahamu utaratibu wa jengo letu. Mwenye kibao cha wiki ya kufagia mlangoni pake ndiye anayesafisha ngazi, madirisha na njia ya mbele, na Jumamosi jioni hukitundika kwenye mlango wa jirani anayefuata. Unaifahamu pia Kanuni ya Saba, isemayo kwamba kibao hakihami maadamu utando wa buibui ungalipo kwenye ngazi. Kanuni hiyo niliiandika mimi, mwaka 1987, na kuitetea katika mikutano mitatu huku wenzangu wakitazama saa zao.

Kwa miaka arobaini na moja sijakichelewesha kibao hata siku moja. Sasa kimekaa mlangoni pangu wiki ya tano, na Jumamosi hii kamati yako inapita kukagua. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mwalimu Wurster wa chekechea ya ghorofa ya chini aliamua kwamba msimu huu wa majani kupukutika watoto wajifunze urafiki na buibui. Akawapandisha watoto kumi na wawili hadi mlangoni pangu, ambako buibui mwenye msalaba mgongoni alikuwa ametanda utando kutoka dirisha la ngazi hadi kwenye msumari wa kibao changu. Nilikuwa na ufagio mkononi na jibu la kukataa mdomoni. Ndipo Jorinde, binti wa mwoka mikate, mwenye umri wa miaka sita, akasema, "Bwana Rapp, tunakuomba usimfagie mpaka tumalize kumsoma. Ukishindwa kujizuia, tutaelewa." Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minane hawezi kuambiwa kwamba atashindwa kujizuia. Nilitia sahihi mkataba wao wa kutomfagia, kwa kalamu ya rangi ya machungwa.

2. Watoto hao huketi kwenye ngazi kila siku saa nne asubuhi na kula mikate yao. Makombo nayafagia mimi, kwa kuwa kibao ni changu. Nilipotaka kujua ni kwa nini wamempa buibui jina la Rapp, Jorinde alinijibu, "Kwa sababu anakaa hapohapo kutwa nzima, anangoja mtu akosee." Mwalimu Wurster aligeukia ukuta na kukohoa kwa muda mrefu.

3. Dirisha la ngazi linaachwa wazi kiasi cha kiganja, ili nzi wapate kuingia. Sisi Waswabia wa kusini mwa Ujerumani, tukiwa na akili timamu, hatuachi dirisha wazi mwezi Oktoba. Mimi huvaa koti la baridi kutoka jikoni hadi mlangoni. Siku ambayo nzi hawakuja, nilishuka kwenye mapipa ya taka nikiwa na gilasi na kipande cha karatasi. Maelezo zaidi kuhusu safari hiyo sitatoa.

4. Bi. Knödler, jirani yangu wa mkabala na mwenye zamu inayofuata, amekosa adabu kabisa. Jana alisimama na kikapu chake akaniambia, "Naona kibao kimekuzoea, Bwana Rapp. Unakipa na chakula cha jioni?" Nakiri kwamba mwaka 1998 nilimwandikia barua ya kurasa nne kwa kuchelewesha kibao siku mbili, wakati mama yake alipokuwa mgonjwa. Barua hiyo anayo hadi leo. Jana alinisomea ukurasa wa tatu, pale pale kwenye ngazi.

5. Lililo zito kuliko yote ni hili: buibui huyu ni msafi kutushinda. Kila usiku huubomoa utando wake, huula, na kabla ya kupambazuka huwa ameutanda upya. Siku moja uzi mmoja ulikatika nilipofungua mlango kwa haraka. Nilimtazama akiutengeneza, na maziwa yangu yakaungua. Katika maisha yangu ya ualimu sikumwona mwanafunzi aliyeifuta kazi yake yote na kuianza upya bila kuamrishwa. Wala mwalimu, nikiwemo mimi.

Kutokana na hayo, naomba kamati ichukue hatua ambayo naamini inaafikiana na kanuni zetu. Buibui aandikwe kwenye orodha ya zamu kama mkaazi wa ghorofa ya pili. Akishaandikwa, kibao kitahesabiwa kuwa kimetoka kwangu na kufika kwake, ijapokuwa kitabaki kwenye msumari uleule. Zamu yake ikiisha, kitakwenda kwa Bi. Knödler, nami nitakaguliwa Jumamosi nikiwa na jina safi. Iwapo kamati itaona ombi hili ni la kipuuzi, basi mmoja wenu aje na ufagio amwondoe, mbele ya watoto, saa nne. Mimi mkataba unanifunga.

Uwasalimie mkeo, wajumbe wote wa kamati, na hata mwenye zile baiskeli.

Wako kwa heshima,
Gotthilf Rapp
Mwalimu mstaafu, ghorofa ya pili, kushoto

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha Bi. Knödler alipobisha hodi, amebeba ufagio wake mwenyewe. Safari hii hakuwa na mzaha. Alisema, "Nipe nafasi, mwalimu. Mimi sikutia sahihi popote. Dakika moja tu, na Jumamosi utakuwa huru." Nilijikuta nimesimama mbele ya mlango na kuitandaza mikono. Tulipochungulia nyuma ya kibao, tuliona kitonge cha hariri ya manjano, kidogo kama njegere. Jorinde, aliyeitwa kutoka chini, alieleza kwamba hayo ni mayai, kwamba yataanguliwa mwezi Mei, na kwamba mama yao atakufa baridi kali ikianza. Alilisema hilo bila kulia. Bi. Knödler aliweka ufagio chini.

Kwa hiyo uyafute yote niliyoyaandika hapo juu. Naomba kibao kibaki mlangoni pangu hadi Mei. Zamu za jengo zima nitazifanya mimi, na kamati iniandike kuwa nimechelewa. Kuhusu kulifunga dirisha, nitakuandikia uamuzi utakapofikiwa: mimi na watoto tunapiga kura Alhamisi, saa nne, kwenye ngazi. Nina kura moja, kama wenzangu.