Kumbukumbu Imejaa Tena

Jumatatu, 7 Mei 1984
Aibu! Nimetuma orodha ya mgao wa sabuni kwa waya wa simu, kutoka ofisini kwetu Temeke kwenda kompyuta ya ghala la Mtoni. Kabla herufi moja haijafika, kumbukumbu ya mashine imejaa pomoni. Unix, mfumo unaoiendesha, imeganda. Programu ya kutuma niliiandika mwenyewe, kwa hiyo kosa si langu. Namshuku Anastasia wa meza ya pili. Anachapa barua kwenye mashine hiyo hiyo. Mie nibakiwe na nafasi gani?

Jumanne, 8 Mei
Nimewatoa wote kwenye mashine bila kuwaambia. Anastasia alikuwa katikati ya barua ya Meneja. Kurasa kumi na moja, zote zimepotea. Kachukua karatasi, kaanza kuiandika upya kwa mkono. Afadhali angefoka! Nikatuma. Imejaa tena. Mzee Jamali, mtunza ghala wa Mtoni, kapiga simu. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Kasema akina mama wako foleni tangu alfajiri, na bila orodha hafungui hata katoni moja. Mmoja anafulia nepi za mtoto kwa majivu.

Jumatano, 9 Mei
Mbinu mpya. Nimeiruhusu programu ijitengee nafasi mara nne zaidi kwenye kumbukumbu. Ipumue! Jana iliganda baada ya dakika tano. Leo, dakika moja. Meneja, Ndugu Wilbert, kaniita. Kauliza kwenye ile kozi ya kompyuta ya wiki sita nilisoma nini hasa.

Alhamisi, 10 Mei
Anastasia kavuta kiti. Kila baada ya muda anaiuliza mashine nani anakula kumbukumbu. Jibu ni lile lile: programu yangu, na inazidi kunenepa.
"Kaka Revelian, mbona inameza faili zima ndipo ianze kutuma?"
Nikamwambia faili la serikali halikatwikatwi. Kabadilisha mistari sita tu. Programu isome kipande, itume, iachie nafasi, isome kingine. Kumbukumbu haikutikisika. Saa sita mchana orodha ikafika yote. Kwenye simu, nyuma ya sauti ya Mzee Jamali, nikasikia vigelegele. Meneja kauliza nani katengeneza. Nikasema sisi. Funguo za chumba cha kompyuta kampa Anastasia. Nimejifungia msalani, nikalia kidogo.

Ijumaa, 11 Mei
Kazi yangu mpya: kupeleka mikanda ya sumaku yenye nakala za faili zetu Mtoni, kwa baiskeli ya ofisi. Mikanda kumi na miwili, mizito kama matofali. Ndugu Wilbert kaagiza nibebe miwili miwili. Safari sita, mtaalamu mzima! Nimeifunga yote kwenye keria. Sijafika mbali Barabara ya Kilwa, keria imekatika, gurudumu limepinda, mikanda imetapakaa kwenye tope. Nimerudi kwa miguu, baiskeli begani.
Sasa hivi namwandikia Meneja barua. Naomba baiskeli kubwa zaidi.