Dishi Langu, Paa Langu

Jumatano, 4 Machi
Nina hasira! Binti yangu mhandisi kapiga simu kutoka nchi jirani. Jumamosi ataonekana kwenye televisheni, nchi tatu zikitia saini kujenga setilaiti moja ya mawasiliano. Nikamuuliza, kwani sisi ni watu wa kuazimana chumvi? Akasema, Baba, niko hapo tu ukivuka mto, lakini sauti hii inazunguka kwanza kwenye setilaiti ya matajiri wa mbali ndipo ikufikie, na njia tunailipia. Hakuna nchi kati yetu inayoweza peke yake. Upuuzi! Na rimoti atashika nani? Simu ikakatika. Imeogopa swali.
Akili kanirithi mimi, lakini. Nilisoma hadi la sita, la saba nikaliona dirishani.

Alhamisi, 5 Machi
Transfoma imeungua, mtaa mzima giza. Kinyozi, kaka wa mke wangu, tunayepakana ukuta, kaleta wazo. Yeye ana televisheni. Mama Cherehani, fundi nguo wa jirani, ana betri ya sola. Mimi nina dishi. Tuunganishe, tutazame saluni kwake. Kwake! Nikakataa. Eti, shemeji, dishi bila televisheni ni ungo wa kuanikia mpunga. Mke wangu kacheka mpaka kashika mlango.

Ijumaa, 6 Machi
Nimejitegemea. Nimeazima televisheni ya mwalimu mstaafu, nikaiunga kwenye betri ya pikipiki. Ujanani niliwahi kuwasha redio kwa radi, betri ni nini? Televisheni ikatoa moshi. Mwalimu anaulizia televisheni yake. Nimejificha chooni.

Jumamosi, 7 Machi
Wizi! Mtaa mzima uko saluni, na waya umetoka kwenye dishi langu! Mke wangu ndiye kawaruhusu. Nikapanda paani kama paka, nikaanza kulifungua dishi. Chini wakapiga kelele: ndiye yule, ndiye yule, katokea! Nikachomoa waya. Picha ikapotea.
Ndipo nikakumbuka aliyetokea ni nani.

Jumapili, 8 Machi
Binti kapiga. Sauti inachelewa kama imepitia sokoni. Baba, umeniona? Nikasema nimekuona, mwanangu, gauni limekukaa. Akasema, Baba, nilivaa suruali. Mama yake kaninyang'anya simu, akaenda kulia nayo uani.

Jumatatu, 9 Machi
Marudio ya kutia saini ni kesho. Kinyozi kaja kwa upole: shemeji, yaliyopita si ndwele, mtoto ni wetu sote. Nikatoa masharti. Televisheni ije kwangu, betri ije kwangu, na atamke mbele ya watu kwamba dishi ni langu. Kakubali yote! Mama Cherehani naye kakubali. Ila Kinyozi alipokuwa anakubali, nimemwona. Katabasamu.
Nimevunja mazungumzo. Mimi si wa kuchekwa.
Dishi nimelilaza kitandani, nikalifunika shuka. Mke wangu kahamia sebuleni, anasema nichague, yeye au dishi. Nichague nini? Kitanda chenyewe ni changu.