Alama Mbili Zangu na Mawe ya Farao

Nyaramba,
12 Februari 1973

Kwa Mtahini Mkuu,
Mitihani ya Elimu ya Watu Wazima.

Bwana Mtahini,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana mimi umeniacha nusu. Nimepata alama 38 katika Historia ya Kale; kupita ni 40. Bila cheti, kazi ya msimamizi wa majengo wa baraza inakwenda kwa Ratemo, mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Mimi ni fundi wa mawe, hesabu nilijifunza kwa kupanga matofali. Naomba alama mbili, kwa sababu mambo mliyoniuliza hayakutokea.

1. Piramidi. Kitabu chenu kinasema mawe 2,300,000 kwa miaka ishirini. Nimegawa. Ukiondoa Sabato, ni mawe 367 kwa siku: kwa saa kumi za kazi, jiwe moja kila baada ya dakika moja na nusu hivi, bila kunywa chai. Kanisa letu hapa nalijenga mimi, huu mwaka wa tisa, na halijafika madirishani. Kama Farao alipata fundi wa kunishinda, mbona jina lake halimo kitabuni?

2. Yule Mgiriki aliyekimbia maili 26 kupeleka habari za ushindi, akafa. Mke wangu Persis huenda soko la Kisii na mkungu wa ndizi kichwani, akarudi kwa miguu, akakamua ng'ombe, na bado akabaki na nguvu za kuniuliza nimeshinda wapi. Niliandika: "Hakufa, alilala." Mkanipa sifuri.

3. Mtawala wa Roma kazaliwa mwaka wa 63, kafa mwaka wa 14. Mwalimu Nyangate alinieleza kwamba zamani, kabla ya Kristo, miaka ilihesabiwa kurudi nyuma. Nani alikuwa akiwaambia imebaki mingapi?

Kwa hiyo, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyeliona, mtu asifelishwe kwalo. Persis anasema, "Baba Orpah, heri ungekisoma hicho kitabu siku moja tu, kuliko kugombana na Farao wiki tatu." Nimemsikia. Lakini suti ya Kaunda ya kuanzia kazi imeshashonwa, na tumbo la Ratemo haliingii humo.

Nisalimie watahini wote, hata yule wa kalamu nyekundu.

Ni mimi, wa alama 38 kwa sasa,
Zachariah Onsongo, Fundi

Tanbihi: Fomu yenu ya rufaa inataka tarehe ya kuzaliwa na shahidi. Nimejaza 1 Januari 1931. Mama alisema ulikuwa mwaka wa nzige, mjomba akasema nzige walikuja mara mbili, chifu akachagua. Wote watatu ni marehemu, na mimi siku hiyo sikuona vizuri. Tafadhali msiitilie shaka.