Beji ya Kambi Aliyonyimwa Warda

Maparoni,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwa Mwalimu Twalibu,
Kiongozi wa Skauti, shuleni kwetu.

Mwanangu Mwalimu, asalaam aleikum.

YAH: BEJI YA KAMBI ALIYONYIMWA MJUKUU WANGU WARDA

Mimi ni Bi Mwanamkuu, bibi yake Warda wa darasa la tano, yule mrefu mwenye kovu la mundu kwenye kidole. Shule sijapata kuikanyaga ila siku za kupiga kura, na siku ile niliyofuata ndoo yangu. Kwa hiyo maneno haya ni yangu, mkono wa kuandika nimeazima. Nimeambiwa malalamiko huwekwa namba ili mkubwa asiruke. Nimeweka. Usiruke.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalieleza, maana huenda barua hii ikafika mbele zaidi ya kwako. Uliwaambia watoto beji ya kwanza ni ya kambi: kila mmoja atengeneze pa kulala nje kwa mikono yake, mkubwa asiguse. Asiyepata beji havai skafu, na asiye na skafu hapandi boti Alhamisi kwenda kambi ya Kibiti. Warda alikwishampigia simu mama yake, Sihaba, anayefanya kazi Mbagala, akamwambia, "Mama, njoo Kibiti unione na skafu." Hawajaonana tangu Idi. Sihaba keshaomba ruhusa kazini.

Jana ukaja shambani kwangu kukagua. Ukakuta dungu, ulingo wetu wa kuamia ndege, limesimama juu ya nguzo zake, na hema lako tumelitandaza juu kama paa. Ukapanda ngazi, ukaenda pembeni kabisa, ukarukaruka mara tatu. Halikutikisika. Ukashuka, ukaandika kwenye daftari: hajafaulu. Tangu hapo mtoto hajagusa wali wangu. Mwalimu, umeshawahi kumuona mtu anayekataa wali wangu?

Sasa malalamiko.

1. Umesema hema husimikwa chini. Chini ya wapi? Huku kwetu chini ni kwa maji na viboko. Sisi mpunga ukianza kuzaa tunahamia shambani kuamia ndege, na tunalala juu ya dungu miezi miwili, mitatu. Warda kalala huko tangu ananyonya. Wewe ni mtu wa mjini Kibiti, sikulaumu, lakini hicho kitabu chako aliyekiandika hajapata kuamshwa na kiboko. Naomba uje ulale chini, shambani kwangu, siku moja tu, ndani ya hema lako, kama kitabu kinavyotaka. Asubuhi ukionekana, mimi nafuta barua hii.

2. Beji ya kuogelea umemwambia asubiri mpaka lipatikane bwawa, kwa sababu mtoni kuna mamba. Mamba wapo. Ndiyo maana anaogelea upesi.

3. Hili ndilo lililonichoma. Ulishika mafundo ya lile dungu moja moja kama daktari anayetafuta jipu, ukasema mbele ya mtoto, "Mafundo manne haya yamezungushwa kushoto. Warda anatumia mkono wa kulia. Kuna mkubwa kamsaidia." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale napepeta mchele. Nasema na narudia, sikugusa. Siku ya kulijenga mguu uliniuma, nikalala kutwa nzima, isipokuwa niliponyanyuka kupika, na kufukuza ndege, na kumsaidia Mwantum jirani yangu kusukuma mtumbwi. Nguzo kachimbia mtoto. Fito kapanga mtoto. Mafundo yote kumi na mawili kafunga mtoto. Na kuhusu hayo mambo ya kushoto, kamba ikilowa hujigeuza yenyewe. Ukiuliza ni nani katika nyumba hii anatumia mkono wa kushoto, hilo si swali la kumuuliza mtu mzima.

4. Kama beji ni za ujuzi, basi na mimi nataka zangu. Naweza kuwasha kuni mbichi mvua ikinyesha. Nimezalisha akina mama watatu ndani ya mtumbwi, mmoja maji yakiwa yamekupwa na tope limetushika, na mtoto yule leo ndiye Zaidi anayekuuzia kaa. Natibu mwiba wa samaki. Najua njia ya kutoka hapa mpaka Mbuchi wakati wa giza kwa kunusa matope. Kitabu chako kinasema huduma ya kwanza, kinasema kutafuta njia, kinasema kupika nje. Nimepika nje maisha yangu yote, jiko la ndani nimelipata juzi. Nimeshatenga doti ya kanga ya kuzishonea, ile ya zambarau. Nikivaa upande wa beji nitauelekeza mbele, hasa nikienda kwenye arusi.

5. Na kwa kuwa mwenye beji ndiye anayempima asiye nazo, nikishapewa naomba niwe mkaguzi, na wa kwanza kukaguliwa uwe wewe. Nakupenda kama mwanangu, lakini mwezi uliopita uliwafundisha watoto kuwasha moto, na kibiriti kizima kiliisha. Kilikuwa changu. Ulipofika nusu ya kibiriti cha pili, Warda alikuondoa taratibu, akainama, akapuliza, moto ukawaka, nawe ukapiga makofi ukasema, "Mmeona tulivyofanya?" Mpaka utakapofaulu mbele yangu, naomba skafu yako niihifadhi kwangu. Nitaifua na kuipiga pasi. Kambini Alhamisi naweza kukuongozea watoto mimi mwenyewe, na wewe nitakuandikia kwenye daftari, yaani nitaagiza uandikiwe, kwamba hujafaulu bado lakini una bidii.

Hayo matano yanatosha. Mengine nimeyameza kwa heshima.

Msalimie sana mkeo Semeni, mwambie dawa ya tumbo la mtoto nimeshaichemsha, aje na chupa yake. Wasalimie walimu wote, hata yule Mrisho asiyeitikia salamu, huenda sikio lake lina matatizo, na hiyo pia naitibu. Mwantum wa ng'ambo na Mwantum wa huku wote wanakusalimu, na wote wako upande wangu. Mungu akuweke, akupe na busara ya kutengua ulichoandika.

Mimi bibi yake Warda,
Bi Mwanamkuu
(dole gumba la mkono wa kushoto, ndio ninaofanyia kazi)

Nyongeza. Nilidhani nimemaliza. Mkono niliouazima ni wa Warda mwenyewe, na ameandika kila nilichosema, ila pale nilipomwita kichwa kama kifuu, akafuta. Lakini tazama pale namba tatu, wino umetawanyika. Yale si maji ya mto. Nimemuuliza, "Wee, unalilia nini, si nakutetea?" Akasema, "Bibi, mimi nimeapa uskauti. Naandika uongo kwa mwandiko wangu." Na sasa amegoma kuikunja barua.

Haya. Mafundo manane ni yake, manne ni yangu. Alikwenda kuteka maji, nikaona fito za pembeni zinacheza, nikamuona akilini keshaanguka, na chini siku ile kulikuwa na nyayo za kiboko. Sikumwambia. Aliporudi akayashika yale manne, akanitazama, akaenda kumimina maji. Kwa hiyo ulisema kweli, na namba tatu ifutwe, na mtoto wangu usimuone mwongo kwa ajili yangu.

Mafundo yote kumi na mawili nimeyafungua leo, na nguzo nimezing'oa. Anaanza upya kesho. Njoo Jumatano jioni, kabla ya boti. Utanikuta chini nimeikalia mikono yangu yote miwili, na ukitaka, Mwantum wa huku anikalie juu.

Ila namba nne ibaki. Ile pembe uliyorukia mara tatu, Mwalimu, na uzito wako wote, ilikuwa yangu.